Springi Laini

"Hii turbo inauzwa, au umeitoa iote jua?"

Mwenye turbo aliinua macho. Jumamosi ile soko la spea za mitumba lilikuwa limefurika, watu wakikanyagana, mafundi wakinadi taa na magiaboksi kwa sauti zilizokauka. Mbele ya turubai lake alisimama mwanamke mwenye suruali ya kijani ya kazini, fulana nyeupe na kitambaa cha njano kilichofungwa kichwani haraka haraka, lakini kikamkaa vizuri. Alinukia sabuni ya hospitali.

"Inauzwa."

"Mbona umeipakata hivyo?"

Kweli alikuwa ameipakata kama mtoto mwenye homa. Aliiweka chini kwa aibu, kando ya rimu nne, ekzosi na klachi ya mashindano. Hivyo ndivyo vilivyobaki. Gari lenyewe la mashindano, alilokuwa akiliendesha yeye, walilichukua wakata vyuma, maana baada ya kupinduka mara tatu halikuwa gari tena. Mdogo wake, aliyeketi kando yake akimsomea kona, alitolewa humo akiwa amefunikwa shuka. Mwaka na nusu sasa, yeye dereva, ambaye mashabiki walimwita Kona, alishinda kwenye duka la miwani akikata vioo vya wazee, kisha jioni akala kimya na mama yake. Mama hakumlaumu hata siku moja. Alimwambia tu aondoe vyuma vyake chumbani kwa marehemu.

"Unamnunulia mumeo?" aliuliza.

"Mume gani? Gari langu, mguu wangu. Ni dereva wa gari la wagonjwa. Jumapili za mashindano ya magari napanda mlima."

"Wiki nzima unabeba waliovunjika, Jumapili unakwenda kujiunga nao?"

"Wiki nzima nakimbia na roho za watu, bwana wee. Jumapili niachie nikimbie na yangu." Alicheka, na yule muuzaji akagundua kwamba na yeye anacheka.

Siku hiyo mwanamke alinunua ekzosi tu. Jumamosi iliyofuata klachi. Rimu nne alizinunua kwa Jumamosi mbili, mbili mbili, utadhani kuna gari la magurudumu mawili. Wateja wengine walipoulizia turbo, mwenyewe aliifunika gunia na kusema ina mtu. Muuzaji alimwita yule mwanamke King'ora. King'ora, aliposikia kwamba aliacha mashindano, akamwita Mstaafu.

"King'ora, umekula?"

"Nile saa ngapi? Nina mgonjwa nyuma. Kata simu, mpenzi."

"Umesema nini?"

"Nimesema kata simu."

"Hapo mwisho."

Simu ikakatika. Mchana ule Mstaafu aliharibu kioo cha mzee mmoja mara mbili, na wala hakujali.

Mapenzi ni kikohozi. Mama alimsikia akicheka na simu jikoni, akaacha kuosha vyombo. "Nani huyo?"

"Mteja, mama."

"Mteja wa miwani hachekeshi hivyo. Mlete nimwone."

Alimleta. Walikula, mama akauliza habari za kazi yake, akamwongezea chakula bila kumuuliza. Nyumba ile ilikuwa haijasikia sauti tatu mezani kwa muda mrefu.

Ikabaki turbo. King'ora aliinunua, ila kwa sharti kwamba muuzaji aifunge kwa mikono yake mwenyewe, na hapo ndipo Mstaafu alipoharibu kila kitu. Turbo ile ina kikopo kidogo chenye springi ndani. Springi ikiwa ngumu, upepo wote unaingia kwenye injini na gari linapanda kwa hasira. Ikiwa laini, upepo unaachiwa mapema, gari linapanda polepole. Mstaafu alikuwa nazo zote mbili. Alisimama kwenye gereji ya King'ora, mtu wake ameingia ndani kuchemsha chai, akaliona tena akilini lile shuka la mdogo wake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akaweka laini.

King'ora alirudi na vikombe viwili, akambusu shavu lenye grisi. "Tayari, laazizi?"

"Tayari."

"Umeifunga kama ungejifungia mwenyewe?"

"Kama ningejifungia mwenyewe."

Mashindano ya kwanza King'ora alishika nafasi ya kumi na moja. Ya pili akawa wa mwisho. Alipiga simu kutoka huko mlimani, upepo ukivuma kwenye simu, naye analia.

"Gari zima, Mstaafu. Spea zote nzuri. Tatizo ni mimi. Mguu wangu umekuwa mwoga, haukanyagi. Siku hizi hata kazini nimeanza kujitilia shaka."

Alikuwa na nafasi ya kusema. Sentensi moja tu ingetosha, na huenda wangegombana wiki moja wakacheka mwaka mzima. Badala yake alimbembeleza.

"Pole, kipenzi changu. Usijiumize. Kuacha si aibu, mimi mbona niliacha?"

Na alipokata simu alijisikia amefarijika, mjinga yule.

Njia ya mwongo ni fupi. Wiki mbili baadaye King'ora aliingia dukani saa za kazi, amevaa ile suruali ya kijani, akapita wazee waliokuwa kwenye foleni, akafungua kiganja juu ya meza. Ndani yake kulikuwa na springi.

"Fundi mwingine ameifungua turbo. Hii ni nini?"

Mstaafu aliweka chini kioo alichokuwa akikikata.

"Nimekuuliza."

"Niliogopa."

"Ungeniambia unaogopa! Ungelia, ungenikataza, tungegombana kama watu. Nilikulilia kwenye simu, nikakwambia mguu wangu umekufa. Ulijua si mguu. Ukaniambia pole."

"Nilitaka uwe salama."

"Ulitaka nijidharau mpaka niache mwenyewe." Aliiacha springi mezani, akatoka.

Mstaafu alimpigia asubuhi, akapiga mchana. Aliandika ujumbe mrefu, akaufuta, akaandika mfupi. Kimya. Jumamosi haikuwa na maana tena, kwa kuwa hakubaki na kitu cha kuuza. Mama alivumilia wiki tatu, kisha akavuta kiti akakaa mbele yake.

"Mwanangu, mdogo wako hukumuua wewe. Sikukwambia mapema, nisamehe. Lakini huyu binti ulitaka kumzika angali hai."

Alilia mbele ya mama yake, kilio kilichochelewa karibu miaka miwili. Alipomaliza alinawa uso, akachukua ile springi ngumu na boksi la spana, akaenda.

Ilikuwa alasiri, mvua imekatika, maji bado yanatiririka kwenye bati la gereji. King'ora alifungua mlango, amevaa gauni la bluu la nyumbani, macho mekundu. Hakumkaribisha, wala hakumfukuza.

"Nimeleta yenyewe," alisema Mstaafu. "Niruhusu niifunge. Halafu Jumapili nitasimama juu mlimani, nikiogopa mbele ya watu wote."

King'ora alimtazama sana, kisha akasogea pembeni.

Alifanya kazi ile kwa dakika arobaini. Alikaza kila nati kwa kipimo chake, akafuta grisi, akapitisha kidole kwenye kila mpira wa upepo. Maishani mwake hakuwahi kufunga kitu vizuri hivyo. Mwanamke alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akimtazama.

"Tayari."

"Asante."

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Na nakupenda, nisikudanganye." Alinyanyuka, akakunja mikono ya gauni. "Nipe spana."

"Ya nini?"

Hakumjibu. Aliinama juu ya injini, akaanza kulegeza nati ile ya kwanza, ambayo Mstaafu ametoka kuikaza sasa hivi. Akaitoa, akaitazama, akaipangusa. Akaenda ya pili. Mstaafu akaelewa kwamba atazifungua zote, na kwamba itakuwa hivyo siku zote, kwenye gari, mezani, hata kitandani: kila atakachomfungia, mwenzake ataamka akifungue ahakikishe.

"Mpenzi," alisema kwa sauti ndogo, "nikae au niende?"

"Sijui." Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye injini, naye haachi kazi. "Kwa sasa nishikie tochi. Huku chini sioni."

Akaichukua tochi, akammulikia.