Maoni ya Nyumba Kumi na Mbili

Kila jioni, akishaosha vyombo, Chiriku huketi barazani kufanya kazi za shule. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haupumziki. Jioni moja mwalimu alikuwa amempa kazi ya ziada: fomu kumi na mbili za ofisi ya ustawi wa jamii, moja kwa kila nyumba ya mtaa wao, aende akawaulize wenyeji na kuzijaza. Ofisi iliuliza: iendelee kubandika ubaoni takwimu za ruzuku, yaani wangapi wameomba, wangapi wamepewa na wangapi wamenyimwa, au iache?

Ofisi nayo ilijua kutega. Aliyechagua "Iendelee" alitakiwa kuandika sababu. "Iache" ilitaka alama ya vema tu. Chiriku alishikwa na uvivu. Akatia vema kumi na mbili kwenye "Iache", chapuchapu, akaenda kucheza, na kesho yake akazirudisha.

Wiki iliyofuata ubaoni kulikuwa na tangazo moja tu: wakazi wameona takwimu hazihitajiki, mwenye pingamizi aje kabla ya Ijumaa. Fundi viatu, jirani yao mwenye mguu mmoja uliopooza, alikuwa analisoma huku ameegemea magongo yake.

"Ombi langu la ruzuku wamelikataa, rufaa ni kesho," alimwambia Chiriku. "Ile karatasi ingeonyesha tuliokataliwa ni wengi. Sasa nitaonekana mlalamishi peke yangu. Eti wakazi wameona! Nani kaniuliza mimi?"

Chiriku alikimbia nyumbani, akamweleza mama yake huku akilia. Mama hakumbembeleza. Alimpeleka ofisini akakiri mwenyewe, na karani akamtupia fomu mpya bila kumtazama.

Chiriku alipita nyumba kwa nyumba akieleza alichofanya na kuuliza maoni upya.

"Kumbe mimi bubu, mdomo wangu ni wewe?" alifoka muuza mkaa.

Fundi viatu aliandika sababu yake polepole: "Kwenye karatasi ile nilikuwa walau namba."

Mwezi uliofuata takwimu zilirudi ubaoni. Rufaa ya fundi ilikuwa imeshatupwa. Chiriku alipomwomba radhi, alijibu, "Nimekusikia, mwanangu," akaendelea kushona.

"Mama, amenisamehe?"

"Hilo ni lake," mama alisema. "Wewe shika hili: usimsemee mtu ambaye hujamuuliza. Karatasi imerudi, lakini siku yake ya rufaa hairudi, na aliyempotezea ni wewe."