Vipima Joto Kumi na Vinane

Walikutana bandarini Malindi, Unguja, abiria wa boti ya asubuhi wakigombania mizigo, na wote wawili wameshika boksi moja.

"Samahani kaka, langu hili."

"Lina jina gani?"

"Yusra. Soma."

Sabri akasoma, akacheka. Boksi lake lilikuwa nyuma yake. Yusra, baibui lake lina ukingo wa zari, alijaribu kununa asiweze.

Ndani ya boksi la Yusra mlikuwa na vipima joto vya maji. Yusra alikuwa akitengeneza programu ya mashamba ya mwani Jambiani: vipima joto thelathini vilete taarifa kila dakika, zote zichambuliwe kwa pamoja, moja isisubiri nyengine, maji yakizidi joto, simu za wakulima zilie wavune mapema. Hakuwa na mtu wa kuvifunga baharini. Sabri alikuwa fundi, akaichukua kazi hiyo. Haukwisha mwezi, wakawa hawalali bila kupigiana simu.

"Habibty, ushakula?"

"Nshakula. Wewe?"

"Mie nkisikia sauti yako nnashiba."

"Basi kesho sikupikii!"

Wiki ya posa, akapiga simu Bi Mwatum, mkulima wa Jambiani.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba. Mwanangu, mwani wangu wote umekatika. Maji yalikuwa yanachoma miguu. Mbona simu haikulia?"

Siku mbili Yusra alijifungia kwao Kikwajuni akisaka kosa katika programu yake, mstari kwa mstari. Alidhani taarifa zimegongana kwa wingi wake. Sabri alimpigia kila baada ya sala.

"Usijitese, mpenzi. Kila mtu hukosea."

Siku ya tatu akaziweka taarifa ubavu kwa ubavu. Vipima joto kumi na vinane vilileta namba ile ile, sekunde ile ile. Akatazama zilikotoka: kompyuta ya Sabri.

Akenda Jambiani maji yametoka, akahesabu vipima joto kwenye vigingi. Kumi na viwili tu. Akampigia Sabri aje.

Alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, ananukia udi.

"Viliingia maji, Yusra, nkavitoa. Wakaguzi wa programu yako walikuwa njiani. Nkaogopa utaaibika, nkajaza namba nzuri. Nlifanya kwa ajili yako."

"Ungenambia."

"Nlitaka kukwambia baada ya harusi."

"Siku mbili nnajilaumu, Sabri, na wewe unanipa pole! Nawe unajua!"

Yusra akanyoosha kidole kule majini.

"Basi kamwambie Bi Mwatum. Kwa mdomo wako."

Sabri alimtazama yule mama aliyeinama kule mbele, kanga imelowa, anang'oa kamba tupu. Kisha akautazama ufunguo wa gari mkononi mwake.

"Leo siwezi, Yusra."

Gari lilipoondoka, Yusra akampigia mama yake.

"Mama, waambie wazee wa Sabri wasije Ijumaa."

"Kuna nini, mwanangu?"

Akakata simu, akafuta uso kwa mtandio, akapandisha baibui, akaingia majini.

"Bi Mwatum!"

"Naam, mwanangu."

"Nna neno la kukwambia."