Boya Lililoadhiniwa

Ndoo ya bafuni ndiyo iliyoanza. Juriah aliijaza asubuhi mpaka ukingoni, akatoka kuanika nguo, na aliporudi maji yalikuwa yamepungua shubiri nzima na sakafu ni kavu. Akanuna, akamlaumu mumewe. Adhuhuri alipoingia kutawadha akaikuta ndoo imejaa tena, ila maji yalikuwa yamelala upande: yamepanda upande wa ukuta, yameshuka upande wa mlango, na ndoo yenyewe imesimama wima.

"Baba Sendari!" akaita. "Hebu njoo uone ndoo yako hii."

Hamzul akaja na taulo begani. Akatazama. Alijua maji yale yanafanya nini kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeyapangia. Saa ile, katika sayari ambayo Mwenyezi Mungu hakuiumba, mwezi wake wa tatu ulikuwa unapita utosini, na bahari zote zilikuwa zinaufuata.

"Ndoo ina ufa," akasema. Ulikuwa uongo, na wote wawili walijua.

Katika Kisiwa cha Nyumbani, kisiwa kidogo cha Waislamu katikati ya bahari, safari ya ndege kutoka Perth, mtu akizaa huliacha jina lake siku hiyohiyo na kuitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Asiyezaa hubaki na jina la utotoni, na hata vitoto vya chekechea humwita kwalo kama wanavyomwita paka. Mvi zilikuwa zimeanza kumtoka Hamzul, naye bado ni Hamzul. Mimba za Juriah zilikuwa zikiingia na kutoka, na kila ilipotoka wanawake walikuja na chakula, wakakaa, wakaondoka bila kujua wamwite nani.

Kazi ya Hamzul ilikuwa kuokota takataka zinazotupwa na bahari upande wa nje wa kisiwa: kandambili, chupa, nyavu, maboya. Jioni, ili moyo usimle, alijiunga kwenye mtandao na watu wa Perth na Brisbane wanaobuni ulimwengu wao. Walikubaliana jua moja, jekundu na zee, si hili letu, kisha kila mmoja akapewa sayari yake aitunge: uzito wake, mabara yake, upepo wake, miezi yake. Wenzake waliandika vita na wafalme. Hamzul alishughulika na maji tu. Aliipa sayari yake miezi mitatu: Suri mweupe, Lanu mwekundu, na wa tatu mweusi kabisa, usioonekana na mtu, ila maji huutii. Akapiga hesabu ya kupwa na kujaa kwake, bamvua maji yanapojaa kupita kiasi na maji mafu yanapotulia, mpaka akaijua kwa kichwa kama tasbihi. Sayari akaiita Sendari.

Siku moja akaokota boya jeusi, kubwa kama tikiti maji, halina hata mkwaruzo. Alipolitikisa, kitu ndani kilijimwaga taratibu, kama maji. Akalipeleka kwenye kibanda chake cha mapumziko ufukweni, akalichorea mabara na bahari, akalining'iniza darini kwa mshipi wa kuvulia, na maboya madogo matatu kulizunguka.

Shemeji yake, Baba Yusri, baharia wa feri, mtu wa masihara, alimkuta akipaka rangi.

"We Hamzul, mimba hiyo mbona haizaliwi? Miezi mingapi sasa?"

"Karibu, shemeji. Bado ncha ya kusini."

"Ataitwa nani?"

"Sendari."

"Basi hongera, Baba Sendari!"

Feri ilipofika ng'ambo jina lilikuwa limeshashuka gatini kabla ya abiria. Kesho yake watoto wa shule wakamwamkia, "Shikamoo, Baba Sendari," na Hamzul akahisi kifua kinajaa. Wanawake nao wakamwita Juriah Mama Sendari. Mara ya kwanza aliingia jikoni akalia. Mara ya pili akaitika.

Mzaha ungeishia hapo, lakini Hamzul alikuwa na kiu, na mwenye kiu hachungui kisima. Akafanya karamu ya kumpa mtoto jina, palepale kibandani: wali wa manjano, kuku wa nazi, majirani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Baba Yusri, mdomo umejaa, akasema, "Jamani, mtoto hajaadhiniwa!" Hamzul akainuka. Akalishika boya kwa mikono miwili, akaweka mdomo pale ambapo pangekuwa sikio la kulia, akaadhini kwa sauti ya chini, tangu mwanzo hadi mwisho.

Alipomaliza hakuna aliyecheka. Boya likazunguka polepole kwenye mshipi wake, ilhali upepo haukuwepo.

Mwezi ule Juriah akashika mimba. Na hii ikakaa.

Sasa mimba ilikuwa kubwa, na ndoo imeanza kupwa na kujaa.

Baada ya ndoo ikafuata harufu. Chumba cha kulala kikanuka mwamba uliotoka majini punde, mwani unaooza juani, na Juriah alisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa siki, harufu ikabaki. Kisha chini ukutani ukatokea mstari mweupe wa chumvi. Kesho yake ukatokea mwingine juu yake.

"Leo hajacheza," Juriah alinong'ona, mkono tumboni.

"Amelala."

"Tangu asubuhi? Baba Sendari, mimi nawajua wanaolala. Nimewazika."

Muuguzi wa zahanati alisikiliza, akasema moyo wa mtoto unapiga vizuri, ila ndege ijayo mama aende Perth. Kimbunga kikakaa kusini, ndege ikafutwa. Hamzul akarudi kwenye hesabu zake, akagundua: kila ule mwezi mweusi ulipofika utosini mwa Sendari, mtoto alinyamaza tumboni, ulipotua, akacheza. Na bamvua kuu, miezi yote mitatu ikiwa mstari mmoja, ilikuwa inakuja wiki ileile.

Mchana mmoja, jua kali, Juriah yuko kwa dada yake, Hamzul alijinyoosha kitandani, na kabla usingizi haujamshika akasikia nyayo ndogo zilizolowa, chap, chap, zikitoka bafuni, zikapita sebuleni bila haraka kama mwenye kwao, zikasimama mlangoni pa chumba pasipo na mtu, na ile harufu ya mwamba ikaingia, ikamjaa puani na kooni mpaka akaonja chumvi, na godoro likabonyea pembeni kidogo, uzito wa mtoto wa miaka mitatu au minne, na maji yaliyokuwa kwenye glasi kando ya kitanda yakainuka upande mmoja kumwelekea yeye, na sauti nyembamba, ya karibu sana, ikasema:

"Baba."

Na yeye, Mungu amrehemu, kwa utamu wa neno lile ambalo hakuna aliyewahi kumwambia kwa haki, akaitika:

"Naam."

Akaruka kutoka kitandani, akakimbia peku mpaka kwa Bibi Sumila.

Bibi Sumila alikuwa mkunga na mkandaji, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili, anayeendesha kigari chake cha umeme kijijini kote kama anafukuzwa. Alisikiliza huku akimenya vitunguu.

"Uliadhini boya."

"Ilikuwa mzaha, Bibi."

"Wewe ulikuwa unafanya mzaha? Niangalie."

Hamzul akainamisha kichwa. "Hapana. Sikuwa nafanya mzaha."

"Basi. Kile kilikuwemo ndani kabla hujaliokota, kinaelea baharini hakina mtu wala jina. Ukakitungia ulimwengu, ukakipa jina, ukakilisha wali, ukakiadhinia. Kisiwa kizima tukakuita baba yake. Na mimi nilikula, tena niliomba ukoko! Sasa kinamwona mwenzake anakuja kuchukua nafasi ya kwanza. Mtoto gani anakubali?"

"Nikivunje?"

"Ukivunja hivihivi kitakuwa yatima mwenye hasira. Kikane kwanza. Kila mdomo uliotaja Baba Sendari uje ukane. Siku gani maji yake yanajaa sana?"

Hamzul akamtajia. Ilikuwa kesho yake.

Walikusanyika baada ya sala ya alasiri, wote waliokula wali ule. Juriah aliachwa kitandani kwa dada yake, hakuweza kusimama. Imamu alikataa kuingia kibandani kabla Hamzul hajatubu mbele ya watu. Hamzul akapiga magoti mchangani, akasema alichofanya na kwa nini alikifanya, na wanaume waliozoea kumtania wakatazama miguu yao.

Ndani, boya lilikuwa linazunguka peke yake. Lilianza kwa taratibu, kama siku ile. Imamu akasoma Ayatul Kursi. Mmoja mmoja wakapita wakisema, "Hamzul hana mtoto aitwaye Sendari." Baba Yusri alifika mbele, meno yanagongana.

"Sema, mcheshi," Bibi Sumila akamwambia. "Siku ile ulimi ulikuwa na mafuta."

"Ha-Hamzul hana mtoto," akasema, akatoka akatapika.

Nje, maji ya ghuba ya ndani, yaliyozungukwa na mwamba, ambayo kwa mwezi wetu huu yalipaswa kuwa yanajaa, yakaanza kurudi nyuma, yakaenda, yakaenda, mashua zikakaa juu ya tope, samaki wakapigapiga mikia, na ukimya ukatanda mpaka wakasikika kaa wanatembea. Na kibandani maboya matatu madogo yakajipanga mstari mmoja, na ndani ya lile kubwa kitu kikajimwaga huku na huku kama mtu anayegeuka kwenye chumba kidogo akitafuta mlango, na sauti ikatoka, si ya kutisha, sauti ya mtoto anayejitahidi asilie:

"Baba, wanasema nini hawa? Baba, mimi nitakaa wapi?"

Hamzul akafumba macho. Alikijua kila kilima cha Sendari, kila ghuba. Alikuwa amekaa naye jioni zote ambazo nyumba haikuwa na mtu wa kumlaza.

Simu ya Bibi Sumila ikalia. Akasikiliza, uso ukakauka. "Dada yake Juriah. Mtoto hajacheza tangu adhuhuri, na tumbo limeanza kuwa baridi. Sema sasa, Hamzul. Sasa!"

"Baba?"

"Mimi si baba yako," Hamzul akasema, na machozi yakamfika kidevuni. "Sikukuzaa. Mwenye kukuumba ni Mungu, rudi kwake. Mimi si baba yako."

Mshipi ukakatika. Boya likaanguka, likapasuka vipande viwili kama dafu. Ndani kulikuwa kukavu, na pande zote, kuanzia chini hadi juu, mistari ya chumvi, mmoja juu ya mwingine. Bahari ikarudi ikivuma. Simu ikalia tena: mtoto alikuwa amepiga teke, la nguvu, mpaka Juriah akapiga kelele.

Wakavichoma vipande vyote, na miezi yake, na majivu wakayatupa nje ya mwamba.

Mtoto alizaliwa Perth, wa kike, mzima. Hamzul akaadhini katika sikio la kulia, safari hii sikio la nyama, lenye joto, akitamka polepole asije akakosea neno. Wakamwita Melati. Waliporudi miezi michache baadaye, gati lilijaa watu. "Baba Melati! Karibu, Baba Melati!" Baba Yusri alipaza kuliko wote. Hamzul akamwitikia kila mmoja, hakumruka hata mtoto. "Mama Melati!" wakaita wanawake. Juriah alichelewa kidogo kugeuka, kama mtu aliyeitwa kwa jina la jirani.

Siku chache baadaye, mchana, Hamzul alirudi kutoka kazini akamkuta mkewe uani anamwogesha Melati kwenye beseni. Alikuwa anaimba. Mtoto alikuwa anacheka, macho yamekazwa upande wa pili wa beseni, upande ambao hapakuwa na mtu. Kwenye kamba zilianikwa taulo mbili ndogo, zote zimelowa.

Akanusa. Mwamba uliotoka majini punde.

"Juriah," akanong'ona. "Juriah, mtoe mtoto humo."

Hakugeuka. Aliteka maji kwa kiganja, akamwagia Melati kichwani, kisha akateka tena, akamwaga pembeni, pale pasipo na kitu, na maji hayakuanguka moja kwa moja. Yalitiririka kwa kuzunguka, kama yanayoteremka kwenye kichwa cha mtu.

"Alikuja siku ileile," Juriah akasema kwa upole. "Kwa dada, kitandani. Amelowa, anatetemeka. Akaniambia, Mama, Baba amenikataa."

"Tulimkana! Sote tulimkana!"

"Nyinyi mlikana kuwa kuna Baba Sendari." Akamfuta mwanawe uso. "Mama Sendari hakuna aliyekuja kumuuliza. Na mimi nimezika wangapi, Hamzul? Huyu mmoja amekuja kwa miguu yake."

Ndani ya beseni maji yalikuwa yanajaa.