Barua za Salamu

"Basi acha kazi wewe!"

"Niache mimi? Na kodi utalipa na nini, na mdomo wako?"

"Mshahara wako mia tisa. Kituo cha watoto kinataka mia saba na arobaini. Sasa unamfanyia kazi nani, wewe au kituo?"

"Na wewe unayefua mashuka ya hospitali mpaka kucha zimelegea, umetufikisha wapi?"

Karani aliinamia kikombe chake cha chai akajifanya kiziwi. Waliokuwa wakirushiana maneno ni baba yake na mama yake. Karani halikuwa jina lake. Baba alimpachika tu walipohamia nchi ile ya watu, kwa sababu pale nyumbani yeye peke yake ndiye aliyejua kusoma lugha ya wenyeji. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na barua zote zilipita mikononi mwake, ziwe za umeme, za mwenye nyumba au za shule.

Jiko lenyewe lilikuwa dogo, ukinyoosha mikono unagusa ukuta huku na dirisha kule. Mezani kulikuwa na bahasha tano. Baba hakuwa mtu wa kutupa bahasha. Barua ikishasomwa, karatasi inaingia kwenye boksi la viatu chini ya kitanda, na bahasha inawekwa pesa na kuandikwa kwa wino mnene: KODI, UMEME, NAULI, SHULE, BONGE.

Bonge ndiye kitinda mimba. Alikuwa amebakiza wiki tatu atimize miaka miwili, na mashavu yake yalijaa kama mipira. Mama alisafisha maofisi tangu alfajiri, baba aliingia zamu ya dobi asubuhi, kwa hiyo bila kituo Bonge hana wa kumshika. Mpaka mwezi uliopita kituo kilikuwa mia na kumi. Ghafla, wiki iliyopita, ikaja bili ya mia saba na arobaini.

"Imepandaje hivi, kama moshi?" Mama alimgeukia Karani. "Mwanangu, barua haikusema sababu?"

"Haikusema, mama."

Ilisema. Mstari wa tatu ulisema wazi kwamba familia haikurudisha fomu ya kipato, kwa hiyo itatozwa kiwango cha juu kabisa, kile cha matajiri.

Karani alilijua kosa lilipoanzia. Fomu ilikuja miezi mitatu nyuma, kurasa nne za maneno magumu, na chini ya dirisha wenzake walikuwa wanamngoja na mpira. Baba akauliza, "Wanasemaje?" Karani akatupa jicho mstari wa kwanza, akasema, "Wanasalimia tu." Mwezi uliofuata ukaja ukumbusho. "Wanasalimia tena." Wa tatu, vivyo hivyo. Baba akafurahi mpaka akawasimulia wenzake kazini. "Nchi hii ina adabu," alisema. "Hata ofisi inakujulia hali!"

Sasa baba hakuwa na la kufurahia. Alikaa, akashika kichwa.

"Bonge aende kwa bibi yake kule kwetu," alisema polepole. "Mke wa kinyozi wangu anarudi kwetu Jumamosi. Akienda naye kabla hajatimiza miaka miwili anapakatwa tu ndegeni, nauli yake ni ndogo. Akishatimiza, anakata kiti kizima, na hicho kiti hatukiwezi."

Karani alitegemea mama awake. Mama hakuwaka. Aliuliza tu, "Kwa muda gani?"

"Mpaka mambo yanyooke."

"Mambo!" Mama alicheka kicheko kikavu. "Siku yakinyooka, mwanangu ataniita shangazi."

Baba alichukua bahasha ya SHULE, yenye pesa za chakula cha Karani na viatu vyake, akazimimina zote kwenye ile ya BONGE. Mama akavuta begi akaanza kukunja vinguo. Bonge akaona ni mchezo. Akaingia ndani ya begi, akakaa juu ya nguo zake, akapiga makofi.

Karani alitaka kusema. Akaishia kunywa chai yake iliyopoa.

Kesho yake baba aliomba ruhusa kazini. "Kuomba si kuiba," alimwambia Karani. "Twende ofisi iliyoleta bili tukawasihi. Kama wanatusalimia kila mwezi, hawawezi kuwa watu wabaya."

Njia nzima Karani alitembea nyuma yake hatua tatu. Ofisini wakachukua namba, wakangoja, wakaitwa. Nyuma ya kioo alikaa karani wa kweli, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Alitazama mashine yake, kisha akawatazama wao.

"Tumewaandikia mara tatu," alisema kwa lugha yake. "Kwa nini hamkujibu?"

"Anasemaje?" Baba aliuliza.

Karani akainamia viatu vyake.

"Hebu mwambie kwanza nashukuru," baba alisema, akivua kofia. "Mwambie salamu zake zote zimefika. Na aniwie radhi kwa kutozijibu. Sikujua kama zinajibiwa."

Karani alimtazama baba na kofia yake mkononi. Angeweza kusema lolote na wote wawili wangeamini. Lakini akilini alimwona Bonge ndani ya begi, anapiga makofi.

Akalia. Kisha akasema yote mara mbili, kwanza kwa lugha ya yule mama, halafu kwa lugha ya baba yake. Mara ya pili ndiyo iliyomuuma.

Baba alivaa kofia yake, akaivua tena.

Yule mama alisafisha miwani kwa muda mrefu. "Muda wa fomu umepita," alisema, "lakini bili inaweza kupingwa ndani ya siku kumi na nne. Leo ni ya tisa. Mmekuja na hati za mishahara?"

Baba alikuwa nazo mfukoni, zake na za mama. Ugenini hutembei bila karatasi. Fomu ikajazwa palepale. Safari hii Karani alimsomea baba kila mstari, hata yale maandishi madogo kama chawa chini ya ukurasa, na hayo ndiyo yaliyosema kwamba fomu hiyohiyo inapunguza pia pesa ya chakula cha shule. Yule mama akabonyeza mashine. Kituo, mia na ishirini. Chakula, nusu.

Nje baba alimpigia simu mke wa kinyozi. "Shemeji, asante sana. Mtoto hasafiri tena." Akakata simu.

"Baba, sema kitu," Karani alisihi.

"Nilikubebesha mzigo wa mtu mzima. Hilo kosa ni langu," baba alisema. "Ungeniambia umechoka, ningengoja kesho. Barua haiozi. Lakini ulinipa salamu, na mimi nikapanga maisha ya watu wanne kwa salamu hizo. Sikiliza, mwanangu. Bajeti si bahasha. Bajeti ni ukweli. Ukinificha mstari mmoja, hata niwe bingwa wa hesabu, nahesabu hewa. Kidogo tu umpandishe mdogo wako ndege."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Bado mama yako."

"Utamwambia?"

"Utamwambia mwenyewe. Neno kwa neno." Baba alitazama saa, zamu ilikuwa inamngoja. "Na usije ukamwambia kwamba ofisi inamsalimia tu."

Akageuka, akaenda zake kazini.