Makala Iliyofunika Daftari

Kila Jumamosi asubuhi, akishafua soksi na kuanika sare, Kijino alimsaidia mama yake kupanga karatasi. Jina hilo alipewa na watoto wa mtaani kwa sababu ya jino lake la mbele lililoota kombo, na sasa hata mama alimwita hivyo. Mama yake alikuwa daktari, lakini si wa sindano na vidonge. Alikuwa mtafiti: kazi yake ilikuwa kutafuta kwa nini watu wengi huugua ugonjwa mmoja, kisha kuandika alichokigundua ili wengine wasome.

Mwezi ule alikuwa akikusanya makala zote zilizowahi kuandikwa kuhusu sumu ya risasi, yale madini mazito yaliyomo ndani ya betri za magari. Mjini kulikuwa na karakana ya kuyeyusha betri chakavu, na watoto wa nyumba za jirani walikuwa wamepimwa damu wakakutwa na sumu hiyo.

"Za Kiingereza weka mezani," mama alisema bila kuinua macho. "Nyingine zote tia kwenye boksi."

"Hata za Kiswahili, mama?"

"Hata hizo. Tumekubaliana hivyo na wenzangu. Jarida tunaloliandikia ni la Kiingereza, na muda wenyewe hautoshi."

Boksi likasukumwa chini ya kitanda. Kijino, ambaye madaftari yake yalikuwa yamechakaa majalada, akaliona boksi lile kama mali isiyo na mwenyewe. Hakuomba ruhusa. Alichomoa makala moja ya Kiswahili yenye karatasi nzito, akaikata kwa mkasi, akafunika daftari lake la hisabati na la sayansi. Kipande kilichobaki alimfunikia rafiki yake, Chiriku, daftari moja.

Huyo Chiriku jina lake halikuwa la bure. Alikuwa msemaji jamani! Mwalimu akiuliza swali, Chiriku alikuwa na jibu, na nyongeza, na kisa cha babu yake juu. Lakini muhula ule alinyamaza. Aliketi ameshika tumbo, akasahau hata jedwali la kuzidisha alilokuwa akiliimba tangu darasa la pili. Walimu walisema amekuwa mvivu. Baba yake, fundi katika ile karakana ya betri, alimpa dawa ya minyoo, lakini haikufua dafu.

Siku moja mwalimu alimsimamisha ajibu hesabu nyepesi. Chiriku akautazama ubao. Midomo ilimcheza, neno halikutoka. Darasa zima likaangua kicheko. Kijino hakucheka. Aliona uchungu kumtazama rafiki yake akiaibika, akainamisha macho, yakatua kwenye jalada la daftari lake. Kwa mara ya kwanza akalisoma.

"Watoto wa mafundi wa betri huumwa tumbo, huwa wakimya na wasahaulifu, hata wale wanaoishi mbali na karakana. Mama zao, tulipowauliza kwa lugha wanayoizungumza kila siku, walitueleza jambo ambalo"

Hapo ndipo mkasi ulipopita.

Akawaza: Akisema, itajulikana kwamba alichukua kitu cha mama bila idhini na kukiharibu. Asiposema, je, Chiriku? Kutwa nzima alilitafuna jambo hilo, na jioni akaenda moja kwa moja hadi jikoni.

"Mama, nimekosa. Nilichukua makala kwenye boksi lako nikaikata, nikafunikia madaftari."

"Bila kuniuliza?"

"Bila kukuuliza. Utanigombeza baadaye, mama, lakini tafadhali soma kwanza."

Mama alikunja uso, akalipokea daftari, akasoma akiwa amesimama. Akasoma tena. Kisha akavuta kigoda akaketi.

"Makala zangu zote za mezani zinazungumzia udongo ulio karibu na karakana," alisema taratibu. "Kwa hiyo tuliwapima watoto wa majirani tu. Chiriku anakaa wapi?"

"Mbali, ng'ambo ya reli."

"Na kipande kinachofuata kiko wapi?"

"Kwenye daftari lake," Kijino alijibu, machozi yakimlengalenga.

Mama alizima jiko. Wali ukaachwa hivyohivyo, nusu mbichi.

Nyumba ya akina Chiriku ilikuwa ya vyumba viwili, imefagiwa vizuri. Baba Chiriku aliwakaribisha kwa furaha. Kwenye mkeka alilala binti yake mdogo, hata kutembea bado, kichwa kimelazwa juu ya ovaroli ya kazi iliyokunjwa.

"Huyu bila ovaroli yangu halali," baba alisema akicheka. "Anapenda harufu ya baba yake."

Chiriku alileta daftari bila kusema kitu. Mama akaligeuza, akatafuta mstari, akausoma kwa sauti: "Vumbi la risasi hurudi nyumbani kwenye nguo za kazi. Katika nyumba nyingi tulikuta kwamba nguo ya baba ndiyo mto wa mtoto."

Baba Chiriku aliinama, akamwinua mtoto polepole, akamkabidhi kwa mama Kijino, maana yeye mwenyewe bado alikuwa na shati la kazini.

"Kumbe ni mimi niliyewaletea?" aliuliza.

"Hukujua, kaka. Mimi ndiye niliyepaswa kujua. Jibu lilikuwa chini ya kitanda changu."

Kesho yake watoto wote wawili walipimwa damu. Binti mdogo alikutwa na sumu kidogo. Chiriku, aliyeishi na vumbi hilo kwa miaka mingi, alikutwa nayo nyingi, akalazwa akaanza dawa. Daktari wa wodi hakuwaficha wazazi: tumbo litapona, lakini huenda akili isirudi yote kama zamani. Mama Kijino alikwenda karakana, akawasomea mafundi makala ile neno kwa neno. Hawakuhitaji mkalimani. Walimbana tajiri wao mpaka akajenga bafu na chumba cha kubadilishia nguo, na tangu hapo ovaroli hazikuvuka lango.

Lile boksi nalo lilirudi mezani. Mama alitafuta wenzake wanaosoma Kifaransa, Kiarabu na Kireno, wakaanza upya. Makala yao ilipotoka, ilichapishwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili.

Jioni moja mama alimletea Kijino karatasi safi za kufunikia madaftari.

"Mwanangu, wewe ulichukua kisicho chako, na mimi nilikitupa nisichokisoma," alisema. "Kosa lako lilianza kutengenezeka ulipokuja jikoni kusema kweli. Ungeogopa kugombezwa, yule mdogo angekuwa bado amelalia sumu. Ukikosa, sema mapema. Na ukitafuta ukweli, usimpuuze mtu kwa sababu ya lugha aliyoandikia. Walioandika makala ile walituambia zamani. Sisi ndio hatukutaka kuwasikia."

Muhula uliofuata Chiriku alirudi darasani. Mwalimu alipouliza swali, alinyoosha mkono, akasimama, akaanza kutafuta maneno, moja baada ya jingine, kwa shida. Darasa zima lilikaa kimya likamsubiri hadi akamaliza.