Noelia na Ukurasa wa Tallgrass

Kila siku, akishamaliza kula, Noelia Barragán alipitia maktaba kabla ya kengele ya darasani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanachama wa chama cha wahariri katika shule yao mjini Tulsa. Chama hicho kilitunza kurasa za ensaiklopidia ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuisoma na yeyote anaweza kuihariri. Wenzake walitunza ukurasa wa mto Arkansas na ule wa timu ya besiboli. Noelia alikuwa na ukurasa mkubwa kuliko zote: ukurasa wa Tallgrass, shirika la ndege lililoajiri karibu nusu ya mtaa wao.

Aliupenda. Aliangalia idadi ya ndege, miji zinakokwenda, mwaka ambao shirika lilianza. Mwisho wa kila sentensi palikuwa na tarakimu ndogo inayompeleka msomaji kwenye chanzo cha habari. Bi. Haskell, mkutubi aliyesimamia chama, hakuwa na mchezo na tarakimu hizo. Mtu akiandika kitu bila chanzo, alikifuta papo hapo, hata kama mwandishi alikuwa amesimama mbele yake analalamika.

Siku moja ya mwezi Mei, anga liligeuka rangi ya kijani kibichi na mvua ya mawe ikaanza kupiga paa la bwalo. Wanafunzi waliacha makaroni yao wakakimbilia madirishani. Tobin, aliyesoma darasa moja na Noelia, alikuja mbio akiwa ameshika simu.

"We Noelia, umeona hii? Ndege ya Tallgrass imeanguka hapahapa uwanja wa ndege!"

Kwenye picha, ndege ilikuwa imelaza pua yake kwenye nyasi, moshi au mvuke ukiizunguka. Chini yake mtu aliandika: *Wanne wamekufa. Binamu yangu yuko pale.*

"Binamu wa nani?" Noelia aliuliza.

"Nitajuaje mimi? Andika bwana! Si wewe ndiye bosi wa Tallgrass? Ukizubaa, wale wahariri wa Texas watakuwahi."

Noelia aliufungua ukurasa kwenye simu yake. Kweli, hakuna aliyekuwa ameandika lolote. Akaandika haraka: "Ndege ya Tallgrass iliserereka na kutoka nje ya njia yake mjini Tulsa katika mvua ya mawe iliyotia giza mchana, na watu wanne walikufa." Mahali pa chanzo alipaacha wazi. Nitajaza baadaye, alijiambia. Akahifadhi, na kwa muda mfupi alijiona mtu mkubwa.

Walikuwa katikati ya somo la hesabu mlango ulipofunguliwa na Garnet Yahola, mwanafunzi mwenzao, akaitwa nje. Noelia alimwona kupitia kioo cha mlango, ameegemea ukuta, mkono mdomoni. Hapo ndipo alipokumbuka. Lenora, mama yake Garnet, alikuwa mhudumu wa ndege wa Tallgrass.

Aliomba ruhusa akatoka.

"Mama alikuwa kwenye ile ya kutoka Denver," Garnet alisema kwa sauti iliyokauka. "Hapokei simu. Na wamekufa watu wanne."

"Labda si kweli."

"Labda nini? Imeandikwa, Noelia! Hata kwenye ensaiklopidia imeandikwa. Bibi ameisoma huko kwake Okmulgee, akaingia kwenye gari lake anakuja. Na mvua hii! Naye pia hapokei."

Noelia aligeuka akakimbia maktabani. Aliifuta ile sentensi, akakaa akivuta pumzi.

Alipoufungua ukurasa tena, sentensi ilikuwa imerudi.

Mhariri mwingine, mtu asiyemjua, alikuwa ameirudisha na kuacha ujumbe: "Tafadhali usifute habari yenye chanzo." Na sasa palikuwa na tarakimu ndogo pale mwisho. Noelia aliibonyeza, ikampeleka kwenye tovuti ya gazeti moja la mjini. Watu wanne wafariki, kilisema kichwa cha habari.

Kumbe ni kweli, aliwaza. Kisha akasoma mstari wa kwanza: "katika mvua ya mawe iliyotia giza mchana." Akausoma tena. Maneno yale yalikuwa yake, neno kwa neno. Gazeti lilikuwa limemnakili yeye, na sasa yeye alikuwa anathibitishwa na gazeti.

"Bi. Haskell," aliita, na machozi yakamtoka. Alimweleza yote, hakubakiza kitu.

Bi. Haskell hakumfokea. Alivuta kiti, akausoma ukurasa, akaisoma habari ya gazeti, uso wake ukizidi kukakamaa.

"Nani anajua kwamba ni wewe uliyeandika?"

"Hakuna. Labda Tobin."

"Basi sasa watajua wengi," alisema, akaipiga namba ya gazeti na kuiweka simu mezani ili wote wasikie.

Aliyepokea alijitambulisha kuwa ni Bwana Pruitt, mhariri wa zamu. Nyuma yake simu zililia mfululizo.

"Mama, nina kazi nyingi. Ile habari ina chanzo."

"Chanzo gani?" Bi. Haskell aliuliza.

"Imo kwenye ensaiklopidia, kwenye ukurasa wa shirika lenyewe."

Bi. Haskell alimtazama Noelia. Hakumsukuma. Alingoja tu.

"Ni mimi," Noelia alisema. "Niliandika mimi. Niliona kwenye simu ya rafiki yangu, mtu alisema binamu yake yuko uwanjani. Huyo mtu simjui. Na binamu simjui."

"Una miaka mingapi, binti?"

"Kumi na mitatu."

Bwana Pruitt alivuta pumzi ndefu. "Mungu wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Naiondoa sasa hivi, na naandika kwamba tulikosea. Asante kwa kunipigia."

Lakini mhariri yule asiyejulikana bado alihitaji kuambiwa ukweli ni upi. Noelia alifungua sehemu ya majadiliano ya ukurasa, akaeleza jinsi uongo ulivyozunguka: kutoka kwake kwenda gazetini, kutoka gazetini kurudi ukurasani. Noelia akiwa bado anaandika, Bi. Haskell aliipata taarifa rasmi iliyotolewa na uongozi wa uwanja wa ndege.

"Hakuna aliyekufa!" Noelia alipaza sauti, tayari anachapa.

"Hebu toa mkono hapo. Isome mpaka mwisho. Inasema hakuna aliyekufa?"

Noelia aliinama kwenye kioo cha kompyuta. "Inasema... abiria na wafanyakazi wote wameshatolewa ndani ya ndege. Majeruhi wamepelekwa hospitali. Hakuna kifo kilichoripotiwa hadi sasa."

"Basi andika hivyo hivyo. Na hilo 'hadi sasa' usiliache."

Aliandika, akaweka chanzo. Baada ya muda mhariri yule alijibu kwa maneno mawili tu: "Sawa. Nimekubali." Sentensi ya watu wanne ikaondoka, na safari hii haikurudi.

Garnet alikuwa amekaa katika ofisi ya mwalimu mkuu, simu mapajani. Noelia alisimama mbele yake.

"Ile sentensi niliandika mimi. Sikuwa na uhakika. Nimeifuta, na gazeti pia wameifuta. Wote wametolewa kwenye ndege."

Garnet aliinua uso polepole. "Wewe?"

"Ndiyo. Nisamehe."

"Mama yumo kwenye majeruhi?"

Noelia alitamani sana kusema hayumo. "Sijui," alisema. "Hawakutaja majina."

"Basi kaa mbali na mimi."

Simu ya mezani ililia. Katibu wa shule alisikiliza, kisha akampa Garnet haraka. Ilikuwa sauti ya Lenora mwenyewe, anapiga kwa simu ya muuguzi. Mkono ulikuwa umevunjika, na simu yake ilibaki ndani ya ndege. Garnet alilia hadi akashindwa kusema, halafu akasema neno moja: "Bibi."

Bibi hakuwa ameonekana. King'ora cha tahadhari ya kimbunga kililia mjini, na wanafunzi wote wakaketishwa chini ukumbini, mikono vichwani. Noelia aliketi akiangalia sakafu. Akilini aliiona barabara ya kutoka Okmulgee, gari dogo, kioo kikipigwa na mawe makubwa. Hakuweza kulifuta gari lile kama alivyofuta sentensi.

King'ora kilikuwa kimenyamaza zamani, na wazazi wameanza kuja kuchukua watoto, bibi alipoingia mlangoni. Nywele zake zilikuwa zimelowa, na vipande vya kioo vilimeta kwenye sweta lake. Mawe yalimvunjia kioo cha mbele cha gari njiani, karibu na mji wa Glenpool, akajificha kwenye kituo cha mafuta. Garnet alimrukia. Bibi alipoambiwa Lenora ni mzima, alikaa kwenye benchi.

Noelia alijua angeweza kutoka kwa mlango wa nyuma. Alimwendea.

"Bibi, ni mimi niliyeandika kwamba watu wanne wamekufa."

Bibi alimgeukia. "Kwa hiyo ni wewe uliyemuua binti yangu."

Noelia alibaki palepale mbele yake.

"Nilikuwa naendesha huku nawaza nguo ya kumzikia," bibi alisema. "Ya bluu au nyeupe. Unajua kwa nini nilitoka nyumbani? Vya kwenye simu mimi sivijali, watu wanabwabwaja kutwa. Nilitoka kwa sababu nilisoma pale ambapo huwa naamini."

"Nitaacha kuandika, bibi."

"Sikukuambia uache. Nakuambia hivi: mtu akikuamini, ameweka maisha yake mkononi mwako bila kukuona. Ukijua jambo, sema, na useme umelijulia wapi. Usipojua, sema hujui. Aliyechelewa na ukweli hajamdhuru mtu. Wewe uliwahi, ona ulichofanya." Alijipangusa uso. "Sasa nisomee kilichoandikwa pale."

Noelia alitoa simu yake. "Abiria na wafanyakazi wote wametolewa ndani ya ndege."

"Umejuaje?"

"Taarifa ya uongozi wa uwanja wa ndege, bibi. Nimeisoma mwenyewe mpaka mwisho."

"Endelea."

"Majeruhi wamepelekwa hospitali. Hakuna kifo kilichoripotiwa hadi sasa."

"Umejuaje?"

"Taarifa hiyo hiyo."

"Na kesho?"

"Kesho nitaangalia tena."

Bibi aliinuka, akamshika Garnet mkono waende hospitali. "Haya," alisema. "Hayo nayaamini."