Ngazi za Bibi Noela

Nyumba ya Kajetani na mkewe Lidwina iko Matogoro, mjini Songea. Imejengwa kwenye mteremko. Kule juu imekaa penye mwamba. Kule chini, karibu na barabara, kuna udongo mwekundu wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka nyufa. Mvua zikija, huteleza kama sabuni.

Kajetani ni fundi cherehani. Kila asubuhi hupanda bodaboda kwenda kwenye kibanda chake Mfaranyaki. Lidwina analima mboga nyuma ya nyumba. Mama yake Kajetani, Bibi Noela, alihamia kwao kutoka Maposeni baada ya mumewe kufariki. Nyonga yake ilikuwa mbovu, akawa anatembea kwa mkongojo.

Shida ilikuwa njia ya kutoka mlangoni kwenda barabarani. Bibi Noela hakuweza kuishuka akiwa amesimama. Alikaa chini, akajivuta polepole kwa mikono. Akifika barabarani, khanga yake ilikuwa imejaa udongo. Siku nyingine Kajetani alimbeba mgongoni. Watu waliokuwa wakipita walitazama. Bibi Noela alifumba macho.

"Nilikubeba wewe mgongoni, leo unanibeba mimi," alisema siku moja. Hakuwa anatania.

Kajetani aliumia moyo. Jioni ile alimwambia mkewe, "Nitamjengea mama ngazi za zege. Usimwambie. Nataka ashangae."

Mwezi wa kumi Bibi Noela alikwenda Maposeni kumtembelea binti yake. Kajetani akamwita rafiki yake Remmy. Walikwangua nyasi juu juu, wakapanga mbao, wakamwaga zege kutoka mlangoni hadi barabarani. Kulichanganya kulikuwa kazi ngumu. Remmy akaongeza maji mpaka likawa laini kama uji. Jua lilikuwa kali, zege likakauka upesi. Wote wawili wakafurahi.

"Saruji nimeweka nyingi," alisema Kajetani. "Ngazi hizi hazivunjiki leo wala kesho."

Bibi Noela aliporudi, alizigonga ngazi kwa mkongojo wake. "Mungu akubariki, mwanangu," alisema. Akaanza kupanda. Vipandio vilikuwa virefu kwake. Kila baada ya kimoja alisimama, akahema.

Mvua zikaanza. Haukupita muda, ufa ukatokea katikati ya ngazi, pale mwamba unapoishia. Kajetani akauziba kwa saruji. Ufa ukafunguka tena. Akauziba tena. Vipandio vya chini vikaanza kuinama upande mmoja.

Asubuhi moja Bibi Noela alikuwa anakwenda kwenye sala ya jumuiya. Lidwina alikuwa bustanini. Alisikia kishindo, kisha sauti ya bibi ikiita, "Lidwina! Mama, njoo!" Alipofika, kipandio kilikuwa kimepinduka, na bibi amelala ubavuni kwenye tope. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika.

Alirudi kutoka hospitali mkono umefungwa plasta. Hakumlaumu mtu. Alikaa kitandani, akamwambia mwanawe kwa upole:

"Kajetani, nirudishe Maposeni. Kule ni tambarare."



Majirani walikuja kutoa pole. Mmoja wao alikuwa Mwamvua, fundi ujenzi mzaliwa wa Tunduru, aliyepanga nyumba ya jirani. Watu walizoea kumwona akipita na pima maji begani.

"Shikamoo, bibi. Pole sana. Mwenyezi Mungu akuafu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa."

Kajetani alikuwa amekasirika. "Ile saruji ilikuwa mbovu," alisema. "Yule muuzaji amenidanganya."

Mwamvua hakubisha. Alitoka nje, akazitazama ngazi kwa muda mrefu. Aligonga za juu, akagonga za chini. Kisha akaita, "Kaka Kajetani, njoo na jembe."

Kajetani akaja. Lidwina naye akafuata.

"Saruji ya hapa juu na ya kule chini, si ni ileile?" aliuliza Mwamvua.

"Ileile."

"Mbona ya juu haijavunjika?"

Kajetani alifikiri. "Labda kwa sababu ya mwamba."

"Naam. Mwamba hausogei. Sasa chimba hapa chini."

Kajetani akachimba kando ya kipandio kilichopinduka. Mwamvua alichukua udongo kidogo, akauviringisha katikati ya viganja. Ukawa uzi mrefu mwembamba, haukukatika.

"Udongo wa kichanga ungemeguka," alisema. "Huu ni mfinyanzi mtupu."

Bibi Noela alikuwa amejikongoja hadi mlangoni. "Nileteeni huo udongo," alisema.

Akaubonyeza kwa vidole vya mkono wake mzima. Uso wake ukabadilika. "Huu ni wa vyungu. Mama yangu alikuwa mfinyanzi, nami nilifinyanga naye. Udongo huu ukinywa maji unanenepa. Ukikauka unakonda. Na chungu ukikianika juani kikiwa kibichi, kinapasuka."

"Bibi umemaliza yote," alisema Mwamvua. "Hata zege likikaushwa haraka na jua linapasuka."

Kajetani alimgeukia mama yake. "Mama, ulikuwa unajua? Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?" alijibu Bibi Noela. "Nilirudi nikakuta tayari."

Kajetani akainamisha kichwa. Lidwina naye akainamisha chake, maana alikuwa ameitunza ile siri.

Mwamvua akaendelea taratibu. "Kila mwaka udongo huu unainuka na kushuka. Ninyi mmemwaga zege moja, nusu juu ya mwamba, nusu juu ya mfinyanzi. Nusu imetulia, nusu inatembea. Lazima likatike. Halafu tazameni bati. Maji yote ya paa yanamwagikia ngazi, yanaingia chini yake."

"Nikiziba ufa kwa saruji nzito zaidi?" aliuliza Kajetani.

"Utakuwa umefunika kidonda bila kukitibu. Za chini zote zivunjwe."

Kajetani alizitazama zile ngazi. Kokoto zile alizibeba mwenyewe. "Nilitaka kumfanyia mama jambo jema," alisema.

"Najua," alisema Mwamvua. "Ila ardhi haijui nia ya mtu. Inabidi uijue wewe."

"Basi tuanze kesho."

"Hapana. Udongo umelowa. Ukijenga sasa, ukikauka utapungua na kuacha uwazi chini ya zege. Tusubiri mvua ziishe. Sasa hivi tuhangaike na maji. Mvua ikinyesha, usikimbilie ndani. Simama uone yanatoka wapi, yanakwenda wapi."

Siku chache baadaye Bibi Noela alikwenda kwa binti yake. Alifunga nguo zake zote, akachukua na rozari yake. Kajetani alielewa maana yake.

Mvua iliponyesha, alisimama uani na mwavuli. Aliona maji ya mlimani yakishuka nyuma ya nyumba, yakikutana na maji ya paa, yakikimbia pamoja hadi kwenye ngazi. Kumbe miaka yote aliishi hapo bila kuona. Akachimba mtaro upande wa juu, ukazunguka nyumba na kuyapeleka maji kwenye migomba ya Lidwina. Yeye na Lidwina wakafunga na mfereji wa bati ukingoni mwa paa.

Mvua zilipokwisha na ardhi kukauka, Kajetani alimfuata mama yake Maposeni.

"Kama umekuja kunichukua, sirudi kuanguka tena," alisema Bibi Noela.

"Sijaja kukuchukua, mama. Nimekuja kuuliza. Mguu wako unainuka kiasi gani bila kuuma?"

Bibi Noela alimtazama, kisha akacheka. Dada yake Kajetani akapanga mbao chini, moja juu ya nyingine. Bibi akainua mguu, akakanyaga. Mbao nyingine ikaongezwa, akakunja uso. "Hapo mwisho," alisema. Kajetani akavua futi ya ushonaji shingoni, akapima.

"Na unataka nini tena?"

"Pa kushika. Na katikati mniwekee mahali pa kukaa nipumzike."

Kajetani aliporudi Matogoro, kazi ikaanza. Remmy alikuja na nyundo kubwa, wakavunja ngazi za chini. Mapande hayakutupwa. Mwamvua alisema yapondwe, yatatumika chini.

Penye mfinyanzi walichimba, wakatoa udongo wenye mizizi, wakashuka mpaka kwenye udongo mgumu. Hawakuacha chini pakiwa mteremko. Walikata ardhi ngazi kwa ngazi, kila sehemu ikapimwa kwa pima maji iwe sawa. Wakaweka yale mapande na moramu, ule udongo wa changarawe, kwa matabaka, na kila tabaka wakalilowesha kidogo na kulishindilia kabla ya kuweka jingine.

Juu, ngazi za zamani zilikuwa imara, ila vipandio vilikuwa virefu. Wakavibomoa pia. Waliusugua mwamba na kuuosha, wakauchongachonga kwa tindo ili zege lishike. Wakatoboa matundu, wakasimika vipande vya nondo.

Pale mwamba unapokutana na udongo, Mwamvua aliwazuia kuunganisha. "Hapa tunaacha nafasi nyembamba kutoka juu hadi chini," alisema. "Kila upande usimame peke yake. Udongo ukisogea kidogo, hautavuta upande wa mwambani."

Zege walilipima kwa ndoo: moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Remmy alitaka kuongeza maji.

"Acha!" alisema Mwamvua. "Maji mengi yanalipunguzia zege nguvu. Liwe zito, tulishindilie."

Wakaanza kumwaga kutoka chini kwenda juu. Zege liliposhika, wakalifunika kwa magunia. Lidwina alilimwagia maji asubuhi na jioni, wiki nzima, asiliache likauke. Mwisho wakasimamisha bomba la kushikia, na katikati wakajenga benchi dogo.

"Siku ukitaka kujenga ukuta mrefu wa kuzuia ardhi, usijaribu mwenyewe," Mwamvua alimwonya Kajetani. "Huo unataka mhandisi auchore kwanza."

Bibi Noela alikuja kuona tu, hivyo ndivyo alivyosema. Alishika bomba, akapanda. Alipofika kwenye benchi akaketi, akautazama mji wa Songea ulivyotandaa chini. Alikaa hapo hadi Lidwina alipomletea chai. Wiki iliyofuata akaagiza nguo zake ziletwe.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Kila ziliponyesha, Kajetani alitoka kukagua. Maji yalipita mtaroni. Ile nafasi ya katikati ilipungua kidogo, kisha ikarudi. Vipandio havikuinama wala kupasuka.

Jirani yao wa chini, Gaspari, alikuwa anataka kuongeza chumba. Alimkuta Kajetani akisafisha mtaro, akamwomba ushauri.

"Chimba shimo kwanza, uujue udongo wako," alisema Kajetani. "Tazama maji yanapita wapi. Na hicho chumba, nani atakaa?"

"Baba mkwe wangu."

"Umemuuliza anakitaka vipi?"

Gaspari akajikuna kichwa. "Bado."

Wakati huo Bibi Noela alitoka mlangoni akiwa amevaa khanga safi. Sala ya jumuiya siku hiyo ilikuwa ng'ambo ya barabara. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Kajetani aliacha jembe, akakimbia kumshika mkono.

"Endelea na kazi yako," alisema mama yake.

Akashika bomba. Akashuka kipandio kimoja, kingine, na kingine, wala hakusimama kwenye benchi. Alipofika barabarani alitazama kushoto na kulia, akavuka peke yake.